Mkungu Uliokosa Mpokeaji

Jumamosi hiyo, benchi la Burhani muuza kahawa pale Kibeta lilikaliwa na mgeni asiyekunywa kahawa: mkungu wa ndizi, mnene, umefungwa kwa majani makavu ya mgomba, umelazwa katikati ya watu wazima. Mwenye mkungu ni Mushumbusi, mzee wa Ijumbi, ambaye kila Jumamosi hupanda basi kuja kumwona binti yake na kuishia hapo kijiweni. Wamempa jina la Kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kwa sababu hana habari nyingine. Na leo tusimcheke. Miaka miwili iliyopita mnyauko uliingia kwenye migomba yake, akaambiwa ang'oe kila shina, gonjwa na zima. Aling'oa huku analia. Ilibaki mistari minne afike kwenye makaburi ya baba na mama yake, maana kwetu wazee huzikwa humohumo kibanjani, ndipo Kokuhirwa, yule mtafiti wa migomba, alipoingia mbio anapunga mikono, akimwita Ta, yaani baba: acha, Ta, acha! Akamwonyesha namna nyingine: kata mgomba wenye dalili peke yake, unguza panga motoni kila ukikata, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda. Kibanja kikapona. Mushumbusi akaapa kwamba mkungu wa kwanza wa upande ule wa makaburi utakwenda kwa aliyemzindua Kokuhirwa. Leo umekomaa, na amekuja nao.

— Kwa hiyo unampelekea nani? aliuliza Burhani, akimimina. Wanamwita Birika, na mkono wake hautetemeki hata akibishana.

— Chama chao, alisema Mushumbusi. Chama cha wanasayansi wa mimea. Kokuhirwa mwenyewe aliniambia. Ile "ng'oa yote" aliiandika yeye, tena alikuwa ameiamini. Akaipeleka kwenye chama ili ichapishwe, ikarudi na kurasa nne za masahihisho.

— Kurasa nne! Hamidi alipiga mluzi. Huyu ni bodaboda, jina lake Breki, kwa sababu hana. Mimi, aliendelea, trafiki akiniandikia nusu ukurasa silali.

— Lakini chama ni watu wangapi? Mkungu mmoja utawatosha? aliuliza Burhani.

— Nyie hamjui vyama, alikatiza Kyaruzi. Mwalimu mstaafu, Mlutheri wa kiti cha mbele, na katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana hapo mtaani. Ndiyo maana anaitwa Katibu hata na mkewe. Chama cha wanasayansi, aliendelea, ni kama chetu. Mwanasayansi akifiwa na mmea wake, wenzake wanakuja kukaa matanga. Wanamfariji. Wanamletea mwingine.

— Matanga ya mgomba? Burhani alicheka hadi akaweka kikombe chini.

— Sasa kuna mama mmoja mtafiti wa Morogoro alimpa Kokuhirwa nafasi kwenye maabara yake wiki mbili, hawajuani hata kwa shemeji, kwa nini? aliuliza Kyaruzi. Wamo chama kimoja! Si matanga hayo?

Mushumbusi aliitikia kwa kichwa, kwa shukrani. Hilo la maabara alilijua. Majani ya migomba yake mwenyewe yalisafiri hadi Morogoro ndani ya begi la Kokuhirwa, yamefungwa na kuandikwa jina lake kama mwanafunzi anayekwenda bweni.

— Mimi nasema ni kama kituo chetu cha boda, alisema Hamidi. Ukikwama Kemondo na usiku unaingia, unapiga simu moja tu, mwenzako anakuja na tairi. Ila hawa wana kitu zaidi. Wana picha za angani. Waliona kibanja chako, Kibanja. Waliona makaburi. Ndiyo maana wakasema, hapana, huyu mzee asiguswe.

— Toka juu wataonaje kaburi chini ya mgomba? aliuliza Kyaruzi.

— Kwa mashine!

— Haya basi, mimi nimeelewa, alisema Burhani taratibu, na alipoongea taratibu ndipo alipokuwa mbali zaidi na ukweli. Kule juu kuna wazee saba. Hawali ndizi kabisa, wasije wakapendelea. Kila utafiti wa dunia hii unapita mbele yao, wao wanasoma wamefumba jicho moja. Mkubwa wao ndiye aliyeandika zile kurasa nne. Mkungu ni wake.

— Asiyekula ndizi tumpelekee ndizi? aliuliza Hamidi.

— Atanusa.

Walicheka wote, Mushumbusi naye, ingawa moyoni hakuwa na raha. Nadhiri ni nadhiri. Ndizi haziwezi kukaa benchini wiki nzima zikisubiri wazee saba. Akakata shauri: mkungu uende Morogoro, ofisi ya chama iko huko, watajua wenyewe. Hamidi akampigia Joyness, karani mpya wa mizigo ya mabasi, ambaye kwa vyovyote alikuwa akipita hapo kwenda stendi. Akafika na kitabu chake cha risiti, akapewa kikombe, akaupima mkungu kwa macho.

— Mzigo mzuri, alisema. Jina la mpokeaji?

Burhani alimtazama Kyaruzi. Kyaruzi alimtazama Hamidi.

— Andika chama, alisema Mushumbusi.

— Chama hakina mikono, Ta. Nani atausaini kule? Nipe jina la mtu.

Benchi lililokuwa na majibu tangu saa moja asubuhi halikuwa na hata jina moja. Bahati nzuri Kokuhirwa alikuwa anakuja, ameitwa kuaga mkungu, viatu vimejaa udongo. Mushumbusi alisimama.

— Mwanangu, aliyeandika zile kurasa nne anaitwa nani?

— Sijui, Ta.

— Hujui?

— Hakuna anayeniambia. Ndivyo chama kinavyofanya kazi. Anayekusoma haandiki jina lake, ili aseme kweli bila kuogopa wala kujipendekeza. Ninachojua, alizihesabu upya namba zangu zote, mstari kwa mstari. Halafu akaandika: "Mashina haya uliyoyataka yang'olewe, mengi ni mazima. Rudi ukatazame." Basi nikarudi. Halipwi kwa kazi hiyo. Sijui ni mwanamke au mwanamume.

Mushumbusi alikaa. Mtu alitumia siku zake, akayaokoa makaburi ya wazee asiowajua, kisha akaondoka bila hata kuaga. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

— Kasinge, waitu, alishukuru kwa Kihaya, akiwa amegeukia upande wa ziwa, kwa sababu hakujua ageukie wapi.

Kokuhirwa alikaa benchini, akainama akafuta kiatu kilichokuwa hakifutiki.

— Na mimi wameniletea kazi hiyohiyo, alisema. Andiko la mtu kuhusu mihogo, jina limefutwa. Lina wiki tatu kwenye begi. Nilitaka kuwajibu kwamba sina nafasi.

Hakuna aliyemlaumu. Burhani aliinamisha birika juu ya kikombe cha Kyaruzi, yakatoka matone mawili na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Joyness aligonga kitabu kwa kalamu.

— Wazee, basi haliningoji. Niandike nani?

Mushumbusi aliuinua mkungu kwa mikono miwili, akauweka mapajani mwa Kokuhirwa, vumbi la majani makavu likamwagikia sketi yake.

— Andika Kokuhirwa, alisema. Na wewe, mama, kale ushibe. Kisha ukae, umhesabie huyo mtu mihogo yake.