Hanem Kashika Usukani

Kivuko chetu cha kwenda Aswan kilikuwa katikati ya Nile, na mama aliyekaa mbele yangu hakuondoa macho kwenye mashua ya tanga iliyojaa wasichana wa shule. "Mwanangu Hanem yumo mle," alimwambia mzee wa pembeni yake. "Eti wanafundishwa mto. Kwani vitabuni haumo?"

"Vitabuni hamna upepo, mama."

"Ndio huo ninaouogopa, Haji! Kaka yangu alizama hapa hapa."

Mzee akamgeukia. "Alijua kuogelea?"

"Hakujua."

"Hawa wamefundishwa kwanza. Na majaketi ya kuelea wamevaa, tazama."

Ghafla upepo ukavuma, tanga likainama karibu liguse maji. Mama akamkamata mzee mkono, na mzee mwenyewe, mjuzi wetu, akabana pumzi. Msichana mwembamba aliyeshika usukani akausukuma kwa mwili wake wote. Mashua ikageukia upepo, ikasimama wima.

"Umeona?" mzee akasema. "Yule ni nani?"

"Si ndiye Hanem!" mama akajibu huku akilia. "Nani kampa mtoto wangu usukani?"

Kivuko kikagonga gati. Tulishuka sote isipokuwa yule mama. Alisema anarudi nacho ng'ambo, apate kumtazama mwanawe.