Waliniambia Nichague Nyumba au Punda

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Kasingirima! Na ninyi wa Katonga mlioketi hapa mnanukia dagaa kama mimi, msione haya, asifiwe na kwenu pia! Mimi ni Mama Leokadia. Wengi mnanijua kwa sura, kwa kuwa naanika dagaa pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Lakini mwanangu hamkumjua, na leo nitasema ni nani walionifanya nimfiche. Mchungaji ameniomba nisitaje majina. Nimemsikia. Nitayataja.

Leokadia alizaliwa baada ya uchungu mrefu, akatoka bila kulia. Watoto wa rika lake walikaa, wakatambaa, wakasimama, wakaanza kukimbiza kuku. Yeye akabaki chali. Shingo haikukaza, miguu ilikakamaa na kupishana. Hospitali wakaniambia ni mtindio wa ubongo, hauna dawa ya kuuondoa, ila mtoto anaweza kusaidiwa. Nilirudi nyumbani nimelishika neno hilo moja, kusaidiwa. Nyumbani hawakutaka kulisikia.

Mume wangu, Barnaba, alisema kwao hakijawahi kuzaliwa kitu kama hicho. Kitu, ndugu zangu! Mama yake, Skolastika, akasema mtoto ana uvivu wa miguu na dawa yake ni mchanga. Ninyi wa ziwani mnajua. Mtoto akichelewa kutembea anachimbiwa shimo ufukweni, anasimamishwa humo, anafukiwa hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu. Wapo waliofukiwa wakatembea, kwa sababu wangetembea tu. Mwanangu hata kichwa hakuweza kukishika. Mchanga ungempa nini?

Nikamwambia, "Mama, daktari amekataza."

Akanijibu, "Daktari huyo amezaa wangapi? Mimi nimezaa, nimezika, nimelea. Wewe umezaa mmoja, na huyo mmoja umeshindwa kumsimamisha."

Siku moja nikiwa nageuza dagaa, Skolastika alimchukua Leokadia nyumbani bila kuniambia, akaenda kumfukia upande wa pili wa mwalo. Mara mitumbwi ya migebuka ikaingia. Akakimbilia samaki, akamsahau mtoto. Jua la saa sita! Mchanga wa Katonga saa sita hata mwenye kandambili anarukaruka.

Aliyemwona si mimi. Ni Mzee Hamza, mstaafu wa reli, aliyekuwa amewapeleka punda wake ziwani kunywa maji. Nilimsikia anapiga kelele, "Mtoto wa nani huyu? Enyi watu, mtoto wa nani?" Nikakimbia. Kichwa cha mwanangu kilikuwa kimelala mchangani, mdomo umejaa mchanga, macho wazi. Halii. Nikadhani amekwisha. Mzee yule akachimba kwa mikono, nami nikachimba, kucha zikanitoka damu. Tulipomtoa, ngozi ya mapaja ilikuwa imebabuka. Skolastika akaja na samaki wake mkononi, akasema, "Mbona mnamtoa mapema?"

Mnashangaa uchungu wangu? Msishangae.

Zahanati wakamtibu, na Mungu akamwacha hai. Mzee Hamza alikuja kumjulia hali. Nikamwambia, "Shikamoo Mzee, sijui nikushukuru vipi." Akasema, "Marahaba. Usinishukuru. Akipona, mlete uwanjani Jumamosi. Punda wangu siku hiyo hawabebi magunia, wanabeba watoto."

Ndivyo nilivyojua habari hizo. Pale uwanjani wapo watu wanaojitolea tu, hakuna anayelipwa. Yupo dada mmoja, Edita, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyehamishiwa Kigoma kutoka Iringa. Wapo vijana wa kwaya yetu na vijana wa msikitini. Kila Jumamosi asubuhi wanawapandisha punda watoto wenye ulemavu. Edita alinieleza kwamba punda akitembea mgongo wake unacheza, na kiuno cha mtoto kinafuata, na polepole mgongo na shingo vinajifunza kujishika.

Ndugu zangu, hamu iliyoniingia siku ile siwezi kuipima! Nikipika ugali namwona Leokadia juu ya punda. Nikigeuza dagaa namwona. Sikuwa naomba akimbie, mimi! Naomba akae tu, hata kidogo, kama watu wanavyokaa.

Nikawaambia nyumbani. Ole wangu!

Skolastika akasema, "Punda ni wa gunia la mahindi. Unataka mji mzima useme mjukuu wangu ni mzigo?" Barnaba akamwita Nabii Eliasi, huyo aliyekuwa akija kutuombea nyumbani, ambaye Barnaba alimsikiliza kuliko mtu yeyote. Eliasi akanikazia macho, akasema, "Ukimpandisha mtoto juu ya punda, umekiri kwa matendo kwamba hatatembea. Muujiza wake upo njiani, nawe unaufunga kwa mkono wako mwenyewe."

Maneno hayo yalinifunga mimi. Ni nani anayetaka kumfungia mwanawe muujiza? Nikakaa. Jumamosi zikaja, zikapita. Nyumba yetu haikuwa mbali na uwanja, na sauti za watoto zilifika hadi chumbani, wanacheka, wanapiga kelele, "Na mimi! Na mimi!" Dirisha nimefunga kama Barnaba alivyoniagiza, watu wasimwone. Leokadia amelala chali kwenye mkeka, naye anayageuza macho kule sauti inakotoka. Hana neno hata moja, lakini macho yake yalikuwa yananiuliza. Mimi nalia, nasema, Imana, Mungu wangu, muujiza gani huu unaotaka mtoto afungiwe dirisha?

Na hapo ndipo Bwana aliponijibu, haleluya! Hakunijibu kwa radi. Nilikumbuka tu kwamba Yesu alipoletewa watoto hakuuliza kama wanatembea. Basi. Nikasimama, nikambeba mwanangu mgongoni kwa kitenge, nikafungua mlango.

Barnaba alikuwa barazani. Akasema, "Chagua. Nyumba hii au punda."

Nikamwambia, "Nimechagua punda, Barnaba. Punda hajawahi kumwita mwanangu kitu."

Wifi yangu Edna akanifuata hadi barabarani akipaza sauti, "Jamani tazameni, mzigo umepata mbebaji!" Watu wakacheka. Nikaenda hivyo hivyo, na vicheko vyao mgongoni pamoja na mtoto.

Uwanjani Edita alitandika blanketi juu ya punda, yule mpole wanayemwita Kadogo. Kijana wa msikitini akashika kamba mbele, wengine wakasimama kulia na kushoto kumshika Leokadia kiunoni na miguuni. Mwanzoni alikakamaa kama ubao, akapiga yowe. Nikataka kumshusha. Edita akasema, "Mama, subiri kidogo. Anaogopa tu, haumii." Akawaambia vijana, "Msikilizeni mtoto, siyo mama." Kijana wa kwaya akamtania, "Bibi harusi huyo anapita! Pisheni njia! Mahari ni migebuka mitupu!" Mzee Hamza akacheka, "Kadogo, tembea kwa adabu, umebeba mkwe wa watu."

Punda akatembea. Taratibu. Yowe likapungua. Miguu ile iliyokuwa imepishana ikaanza kulegea, ikaning'inia huku na huku ubavuni mwa punda. Walipogeuka upande wa bondeni, ziwa likaonekana lote, linameta hadi milima ya Kongo. Na mwanangu, ambaye maisha yake yote ameona mabati ya paa tu, akainua kichwa! Akakiinua mwenyewe! Kikayumba, kikaanguka, akakiinua tena. Akatoa sauti, "Aaaa!" Akacheka.

Mimi nilikaa chini kwenye vumbi.

Ndugu zangu, wapo watakaotaka niseme kwamba Leokadia alishuka akatembea. Hakutembea. Hatembei hadi leo. Siku hizi anakaa akiegemezwa mto, shingo anaishika, na Jumamosi asubuhi akiona nachukua kitenge anapiga kelele za furaha. Bado hajaniita "mama". Natamani neno hilo kuliko chakula. Tunaishi chumba cha kupanga, wawili tu, na wakati mwingine namtamani hata Barnaba yule wa zamani, kabla hajajifunza kuona haya. Wakati mwingine natamani apite tu pale uwanjani, amwone binti yake yuko juu kuliko watu wote. Hajapita.

Mnaniuliza kama nimemsamehe Skolastika? Naomba nisamehe. Bado naomba. Lakini aibu, hiyo Bwana ameniondolea yote, na Eliasi simwogopi tena. Asante Yesu! Asante Mzee Hamza, ambaye husali kwingine na alimchimbua mwanangu kwa mikono yake! Asante Edita na vijana wote!

Sasa nasema na wewe mama uliyeko hapa umeinamisha kichwa. Sikutaji, wewe huna kosa. Nimepita kwako nikasikia sauti ya mtoto ndani, na dirisha limefungwa mchana. Jumamosi tunaanza asubuhi, jua halijawa kali. Mwamini Mungu, ufungue mlango. Usingoje atembee ndipo umtoe nje. Mtoe kama alivyo. Amina.