Mtaro wa Marehemu

Mheshimiwa Waziri, ndugu Mkuu wa Idara ya Ardhi, wageni waalikwa, majirani zangu, na wewe shemeji uliyekalia kiti cha Mkuu wa Idara: nawasalimu nyote.

Nimeambiwa niseme machache kwa kuwa ndimi niliyekuwa wa mwisho kuiuzia serikali kinamasi hiki. Wenzangu walisaini, wakapokea fidia, wakaezeka nyumba. Mimi niliizungusha serikali miaka miwili, mpaka mkanipachika jina la Kisiki, mkidhani sisikii. Nasikia sana!

Sasa nawauliza, nilitaka nini? Nyongeza? Hata kidogo. Marehemu mume wangu alichimba mtaro miaka ishirini na sita, kwa koleo moja, ili kinamasi kikauke tulime. Hakikukauka. Tulipanda viazi, tukavuna vyura. Lakini kila jioni alirudi na matope yake akasema, "Mama watoto, mwaka huu maji yamepungua." Nami nikamjibu, "Naona, baba," huku nakausha sebule kwa tambara.

Basi akaja mthamini huyu hapa, viatu vinang'aa. Akaandika nyumba, akaandika miti, akafika kwenye mtaro, akaandika: hauna thamani. Nikamfungia mlango.

Mwaka wa pili akarudi, mpole. "Mama, nionyeshe huo mtaro." Akautembea wote, mita mia nne, na karibu na mwisho akazama mpaka kiunoni. Tulimvuta mimi na jirani, kiatu kimoja kikabaki. Wataalamu wanasema udongo huu mweusi wa kinamasi, kwa kujaa maji na kukosa hewa, hauozeshi kitu upesi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, mwanangu, kiatu chako kitawakuta wajukuu zako. Akakaa palepale kwenye nyasi, anatetemeka, akaandika upya: "Mtaro. Kazi ya mikono ya mtu mmoja, miaka ishirini na sita." Fidia haikuongezeka hata senti, sheria haikumruhusu. Nikamwambia, "Lete kalamu."

Leo mtaro unazibwa ili maji yabaki kinamasini, maana ndicho serikali ilichokinunulia, na mashine ile pale inanguruma. Mheshimiwa, naomba izimwe kidogo. Koleo la kwanza la udongo nitatia mimi, na koleo lenyewe ndilo hili, lake.

Baba watoto, maji hayakupungua hata siku moja. Nilikudanganya kwa sababu nilikupenda. Mtaro wako sikutaka ufungwe na mgeni.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Shemeji, ondoka kwenye kiti cha watu, njoo unishike mkono, hapa panateleza.