Mama Taratibu Anaachia Usukani

Baada ya miaka ishirini na saba ya kutufundisha kupita pasipopitika, mkufunzi wetu wa udereva hapa hospitalini, ambaye sote kuanzia getini hadi wodini tunamwita Mama Taratibu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni.

Alianza kama dereva wa gari la chanjo. Wiki ya kwanza tu alilizamisha kwenye tope, na mwenyewe ndiye anayekisimulia kisa hicho kwa kila darasa jipya. "Nilikanyaga mafuta kama mtu anayeua nyoka," husema. "Gari linazidi kuzama, na mimi nazidi kukanyaga!" Tangu hapo, akifika penye tope huzima injini, hushuka, akapakagua kwa miguu yake mwenyewe. Rangi halisi ya viatu vyake hakuna anayeijua.

Wauguzi, wataalamu wa maabara na madereva waliojiona wameiva wote walipita mikononi mwake. Alitufundisha kupunguza upepo wa matairi kwenye mchanga, kushika usukani vidole gumba vikiwa nje usije ukavivunja ukizunguka ghafla, na kuacha ubishi nyumbani.

Kisa ninachokipenda mimi ni cha mkunga wetu. Wodini alikuwa hodari, ila usukani ulimtoa jasho. Alikuwa amepangiwa kituo cha afya kilicho nyuma ya mlima, ambako hufikiwa kwa gari tu. Asingefaulu mafunzo, kina mama wa kule wangebaki bila mkunga. Siku ya jaribio la mteremko mvua ilinyesha. Mimi, fundi wa karakana, nilikuwa kiti cha nyuma nimekumbatia jeki. Katikati ya mteremko gari likateleza, mkia ukaanza kuvutwa kuelekea korongoni. Mkunga akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, gari likazidi kwenda upande.

Mama Taratibu hakunyakua usukani. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani: "Mwanangu, toa mguu kwenye breki. Elekeza pua chini. Gusa mafuta kidogo tu."

"Mama, tutakufa!"

"Tutakufa baadaye. Sasa hivi toa mguu."

Akatoa. Matairi yakashika, gari likajinyoosha, tukateremka salama. Mkunga alizima injini, akamkumbatia mwalimu wake, wakacheka na kulia kwa pamoja. Kisha Mama akamwambia arudi juu ashuke tena. Mimi niliomba kubaki chini na jeki yangu.

Mkunga huyo yuko kituoni kwake hadi leo, na watoto aliowapokea kule sasa wanasoma.

Mume wa Mama Taratibu, fundi cherehani, ametuletea malalamiko: kila akimpeleka sokoni kwa gari lao dogo, mkewe hukanyaga breki isiyokuwepo. Mama, asante kwa kuturudisha kwa watoto wetu tukiwa wazima. Kuanzia Jumatatu keti kiti cha abiria, legeza miguu, tazama dirishani. Tunakuombea afya, umri mrefu, na lami hadi mlangoni.