Ufunguo wa Mahabusu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka sajini mstaafu wa polisi wa mkoa wetu, aliyefariki Jumatatu akiwa na miaka sabini na mbili. Wengi mlimfahamu kwa jina la Mama Kufuli. Jina hilo alipewa kwa hasira. Nawasimulia lilivyoanza.

Alijiunga na polisi wakati kikosi kizima cha mkoa kilikuwa na askari sitini, gari moja bovu, na simu ya upepo iliyokoroma kuliko kusema. Wanawake walikuwa wanne. Wakapewa kazi ya kupiga taipu. Yeye akaomba kaunta. Akanyimwa, akaomba tena, mpaka mkuu wa kituo akachoka naye. Akakabidhiwa kaunta na funguo za mahabusu. Alizishika miaka kumi na tisa.

Sasa sikilizeni. Jumamosi moja asubuhi, mtoto wa miaka sita alipotea sokoni. Hakuwa mtoto wa mbali. Alikuwa mjukuu wa dada yake sajini, dada wa tumbo moja. Watu wakasema mara ya mwisho alionekana kwenye kibanda cha fundi cherehani. Fundi akapigwa. Askari wa doria wakamnusuru, wakamfungia kituoni, kisha wakaondoka wote kumtafuta mtoto. Akabaki sajini peke yake, na fundi nyuma ya nondo.

Umati ukaja. Mawe yakagonga mabati. Kioo cha dirisha kikamwagika juu ya kaunta. Sajini akatoka barazani, akasimama mlangoni. Mbele ya umati alikuwa dada yake.

"Mdogo wangu, lete ufunguo."

"Siwezi, dada."

"Damu yako imepotea, wewe unamlinda huyu?"

"Mtoto namtaka kama unavyomtaka. Lakini huyu hajahojiwa hata neno moja. Mkimuua, tutamuuliza nani?"

"Basi kuanzia leo sina mdogo. Kaa na kufuli lako."

Jiwe likampata juu ya jicho. Damu ikamwingia jichoni, asiipanguse. Mkono ulikuwa mfukoni, umeushika ufunguo. Alisimama hivyo saa nzima na robo. Saa nzima na robo, wasikilizaji.

Kisha simu ya upepo ikakoroma ndani. Mtoto amepatikana, mzima. Alimfuata mwanamke aliyemdhania shangazi yake, akapanda naye basi, akafika mji wa pili. Dereva ndiye aliyempeleka polisi.

Umati ukayeyuka. Dada naye akaondoka.

Hawakusemezana miaka mitatu. "Siku moja nikajikaza, nikapiga hodi kwake," dada huyo aliniambia jana. "Hata sijaomba radhi. Akasema, 'Ingia dada, chai inapoa.' Ugomvi ukaishia hapo."

Fundi naye yu hai hadi leo. Alisema kifupi: "Nimefika uzee kwa sababu yake."

Kwa dada, kwa watoto na wajukuu, na kwa askari wenzake, poleni sana. Mungu amrehemu.

Na sisi tuliobaki, tujiulize tulisimama wapi siku ile. Mimi nilikuwepo, wasikilizaji. Nilikuwa na jiwe mkononi. Sikulirusha. Lakini sikulitupa chini pia, mpaka niliposikia mtoto amepatikana.