Mzazi Mwenye Uchungu Anamuaga Mwalimu Barua

Mwalimu wetu wa darasa la tatu, ambaye watoto humwita Mwalimu Barua, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba, baada ya kufundisha watoto kuandika kwa miaka thelathini na mitatu katika chumba kilekile kando ya jiko. Kamati ya sherehe imeniomba wasifu wake kwa kuwa nilikuwa mwalimu wake mkuu. Nimekubali kwa sharti kwamba usipunguzwe hata mstari. Daktari ameniambia nisiahirishe mambo, na lipo moja nililolificha kwa miaka ishirini na mmoja. Ile barua ya malalamiko iliyotiwa sahihi "Mzazi Mwenye Uchungu", iliyosimamisha masomo yake mwaka mzima, haikuandikwa na shemeji yake, fundi cherehani. Niliiandika mimi.

Sasa turudi kwenye sherehe.

Kabla hajafika, insha ilifundishwa hivi: mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, kila mtu anakwenda nyumbani salama. Mwaka mmoja watoto arobaini na wawili waliandika kwamba wana mjomba anayefuga mbuzi, wakiwemo watatu ambao mama zao hawana hata kaka mmoja. Mwenye mjomba nilikuwa mimi. Nilisahihisha madaftari yote kwa nusu saa, nikajipongeza.

Yeye aliingia akafuta ubao. Mtoto alianza kwa kumsimulia jirani yake wa dawati jambo analotaka kusema. Kisha aliandika kwa penseli, akafuta, akakata, akamsomea mwenzake, na mwenzake alikuwa na ruhusa ya kusema, "Hapo sijaelewa." Kalamu nyekundu ilifungiwa kabatini. Mwisho, maandishi yalipelekwa kwa mtu aliye hai, naye alitakiwa kujibu ndani ya wiki moja.

Mpishi wa shule alipata hii: "Shikamoo mama. Kwenye maharage ya jana nilipata jiwe. Ninalo. Ukilihitaji niambie." Alilifuata mbio: "Lete hapa, mwanangu, kabla halijafika kwa mkuu!" Mlinzi aliulizwa: "Shikamoo babu. Ukilala, nani anakulinda wewe?" Mzee wa watu hakujua kuandika zaidi ya jina lake. Aliomba aongezewe muda, akakaa dawati la nyuma wiki tatu, magoti yakigusa kidevu, kisha akajibu: "Silali. Ninafikiri nikiwa nimefumba macho."

Fundi naye: "Shikamoo fundi. Mguu mmoja wa suruali yangu ni mrefu. Tatizo ni suruali au ni mimi?" Alikuja shuleni akifoka, "Shemeji, unawafundisha kuandika au kunitukana?" Shule nzima ilimsikia. Halafu akacheka, akampima mtoto upya, akajibu kwamba tatizo ni suruali. Kicheko hicho hakuna aliyekikumbuka baadaye.

Mimi niliulizwa: "Shikamoo mwalimu mkuu. Tukipita dirishani tunakuona umeshika kalamu. Huwa unaandika nini?"

Sikujibu, kwa sababu sikuwa naandika kitu. Hotuba zangu zote, zile mlizozipigia makofi, nilizinakili kutoka kitabu cha mifano ya hotuba, nikibadilisha tarehe. Mlangoni kwa darasa la tatu kulibandikwa orodha ya wasiojibu, na kwa wiki sita jina langu lilibaki peke yake. Walimu walinitania wakati wa chai: "Mkuu, bado uko mlangoni? Ingia basi, nje kuna baridi." Nilicheka nao. Jumamosi nikaiandikia ofisi ya elimu kwamba watoto wetu wanafundishwa utovu wa adabu.

Ofisi ilipiga marufuku barua. Mwalimu akapewa somo la mazoezi ya viungo, yeye na magoti yake mabovu. Lawama zikamwangukia fundi. "Mimi? Kurasa mbili?" alilia. "Hata vipimo naandika kwa chaki!" Nani alimsikiliza? Sare za shule akapewa fundi mwingine, na mashemeji hawa wakaacha kusalimiana hata misibani. Kwenye harusi moja niliketi katikati yao, nikipitisha chumvi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Aliyeiondoa marufuku ni mlinzi. Aliiandikia ofisi kwa mkono wake, herufi kubwa kama vikombe: "Nina miaka hamsini na nane. Nimejua kuandika mwaka jana. Mrudishieni mwalimu darasa lake." Wakamrudishia. Tangu hapo mwalimu amefundisha kuandika watoto karibu elfu moja, na wakaguzi waliotumwa kumchunguza wamekuwa wakiondoka na madaftari yao yamejaa.

Fundi, nilikuchafulia jina, nisamehe. Mwalimu, mpe shemeji yako mkono leo, mbele yetu, maadamu macho yangu bado yanaona. Ahsante kwa kila mtoto uliyemwuliza ana la kusema. Kapumzike, siku zako ziwe nyingi, na kila utakayemwandikia akujibu.

Limebaki moja, na ndilo linalonitia aibu zaidi. Barua ile sikuinakili popote. Kwanza nilimsimulia mke wangu, bila kumwambia ni ya nini, akasema hapo hajaelewa. Nikaandika kwa penseli, nikafuta, nikakata, nikamsomea tena. Kisha nikaipeleka kwa mtu aliye hai, naye akajibu ndani ya siku nne. Katika maisha yangu yote ya ualimu ndiyo barua pekee niliyoiandika mwenyewe, na niliiandika kwa njia yake.