Sauti Aliyoiacha Thaddeus

OCTAVIA: Haloo? Nani mwenzangu?

THADDEUS: Kisia.

OCTAVIA: Weee, nina gundi ya kope kidoleni, wigi halijakaa, namba yenyewe siijui. Sema au nakata.

THADDEUS: Shoga, ni mimi! Thad!

OCTAVIA: Thaddeus?

THADDEUS: Yupi mwingine? Simu yangu imeisha chaji. Hii nimeazima kwa mama mmoja hapa stendi, anasubiri mumewe ampigie, kwa hiyo harakaharaka. Nimefika!

OCTAVIA: Umefika wapi?

THADDEUS: New Orleans, bwana! Nimeiaga bendi, nimepanda basi la asubuhi toka Houston, nimekaa karibu na choo njia nzima. Nanuka, lakini nimefika.

OCTAVIA: Si ulisema mna shoo huko mpaka kesho?

THADDEUS: Watapiga bila mimi. Mbona unauliza kama karani wa kodi? Hufurahi?

OCTAVIA: Nafurahi. Nafurahi sana. Ni hii gundi tu, ina—

(Mkwaruzo.)

THADDEUS: Haloo? Unasikika vipandevipande.

OCTAVIA: Niko ukumbini, nyuma ya pazia. Mtandao huku ni wa kubahatisha.

THADDEUS: Sikiliza. Ines aliniandikia jana. Ni kweli Mama amekubali kuja kuiona sinema yetu?

OCTAVIA: Ines naye! Yule mtu angebaki na kamera yake tu, mdomo hauwezi.

THADDEUS: Ni kweli au si kweli?

OCTAVIA: Ni kweli. Ameshafika. Amekaa mbele kabisa.

THADDEUS: (Anacheka.) Mama yangu. Bi Earline Guidry, kiongozi wa kwaya, ndani ya ukumbi wa mashoga wa mtaa wa St. Claude, mchana kweupe. Amevaa kofia?

OCTAVIA: Ya zambarau. Yenye manyoya.

THADDEUS: Ya Pasaka hiyo! Basi amekuja kwa moyo mweupe. Octavia, hebu fikiria. Tangu nilipoanza sindano za homoni za kiume hajapokea simu yangu hata moja. Hata babu alipozikwa nilisimama nje ya uzio wa makaburi. Na leo amevaa ya Pasaka!

OCTAVIA: Thad—

THADDEUS: Nimechonga ndevu vizuri, nimebeba shati jeupe. Najua atastuka kidogo, lakini—

OCTAVIA: Bado una ndevu?

THADDEUS: Sasa ziende wapi? Niwekee kiti kando yake. Dakika kumi niko hapo. Na niambie, sauti ya Josette, yule mwimbaji wetu, imekaaje kwenye sinema? Imeingia vizuri?

(Mkwaruzo mrefu.)

THADDEUS: Octavia?

OCTAVIA: Haikukaa.

THADDEUS: Haikukaa vipi?

OCTAVIA: Siku ya kupiga picha Josette alikuwa hajarekodi. Ines akasema tuendelee na ile kanda ya kujifunzia wimbo, nichezeshe mdomo kama naimba mimi, ya Josette itabandikwa baadaye.

THADDEUS: Mlipiga picha kwa ile kanda? Hata mtoto mchanga wa kazi hii anajua kanda ya kujifunzia haifiki mbele ya kamera!

OCTAVIA: Najua. Tulikuwa na ukumbi siku moja tu.

THADDEUS: Halafu?

OCTAVIA: Halafu haibandiki. Wewe ulikuwa unavuta pumzi katikati ya neno, Thad. Josette anavuta mwisho wa mstari kama watu wote. Na kamera imeniingia mdomoni, mpaka gego langu la dhahabu linaonekana. Ukiweka ya Josette, mdomo wangu unahema peke yake kama samaki kwenye ndoo.

THADDEUS: Kwa hiyo mmeweka nini?

OCTAVIA: Ngoja nifute hii gundi.

THADDEUS: Mmeweka nini, Octavia?

OCTAVIA: Yako.

THADDEUS: Ile niliyoimba kanisani?

OCTAVIA: Toka mwanzo hadi mwisho.

THADDEUS: Ile ni sauti ya msichana! Ni mimi nikiwa msichana, nikiwa nataka kufa! Nilikupa kwa sababu ulisema huwezi kuushika ule wimbo bila kuusikia. Nilikuomba jikoni kwako, nilikushika miguu: jifunze, kisha ichome, asiisikie mtu.

OCTAVIA: Ulilia mpaka ukaloweka gauni langu, nakumbuka.

THADDEUS: Unakumbuka, na ukafanya hivyohivyo?

OCTAVIA: Usinipandishie sauti, kaka. Ulikuwa mchezo wetu sote watatu. Wewe muziki, mimi jukwaa, Ines kamera. Siku tuliyokuwa tunacheza kwenye baa ya Marigny mbele ya walevi saba hukusema—

THADDEUS: Pale nilikuwa napiga piano tu! Nenda kwa mtu wa mitambo sasa hivi. Mwambie azime sauti pale kwenye wimbo. Iende kimya.

OCTAVIA: Siendi.

THADDEUS: Huwezi au hutaki?

OCTAVIA: Sitaki.

(Honi ya basi.)

THADDEUS: Rudia.

OCTAVIA: Nimesema sitaki. Ni sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuwekwa mdomoni. Wewe uliitupa. Ukachoma sindano, koo likawa kama gunia la mkaa, ukafurahi, nami nikafurahi na wewe. Lakini uliitupa. Mimi nimeiokota.

THADDEUS: Una roho mbaya wewe.

OCTAVIA: Ninayo. Hata Mama anajua.

THADDEUS: Mama?

OCTAVIA: Bi Earline.

THADDEUS: Umesema Mama. Tangu lini mama yangu akawa Mama kwako?

OCTAVIA: Tangu kofia. Nilikwenda kuazima kwake kofia moja ya onyesho. Akanifungia mlango wa wavu usoni. Nikauacha wimbo ulie kwenye simu yangu, pale kibarazani, nikachezesha mdomo kama tulivyofundishana. Akafungua.

THADDEUS: Hapana.

OCTAVIA: Akanikalisha kwenye kochi lenye nailoni. Akaniambia, rudia. Sasa nakwenda kwake kila Jumatano. Ananipikia gumbo, ule mchuzi mzito wa kamba na bamia, ananishindilia mpaka zipu haifungi.

THADDEUS: Unakwenda na gauni?

OCTAVIA: Gauni, wigi, kila kitu. Anapenda nikiwa tayari.

THADDEUS: Na anajua wewe ni Renard? Anajua kuna mwanaume humo ndani?

OCTAVIA: Anajua, Thad. Hiyo ndiyo haitakupendeza. Anajua nina kidevu kinachonyolewa, kinamchubua akinibusu, naye anacheka. Hana shida na mwanaume ndani ya gauni. Shida yake ni wewe.

THADDEUS: Ngoja, mama, samahani, dakika mbili tu. Mumeo akipiga itaita, naahidi.

OCTAVIA: Nani huyo?

THADDEUS: Mwenye simu. (Anashusha sauti.) Mama yako alikurushia nguo barabarani, mvua inanyesha, sidiria zinaelea mtaroni na majirani wanatazama. Nani alikuja kuziokota?

OCTAVIA: Wewe.

THADDEUS: Ukalala kitandani kwangu mwaka mzima, mimi sakafuni. Sikuwahi kukusimanga.

OCTAVIA: Unanisimanga sasa.

THADDEUS: Nakusimanga, ndiyo! Hakuna mwanamke aliyetaka umwite mama, ndiyo maana unaiba wa wenzio!

OCTAVIA: Ndiyo.

THADDEUS: Ndiyo nini?

OCTAVIA: Ndiyo maana. Ulidhani nitabisha? Nina miaka thelathini na tisa, na juzi mtu alinifunga kitambaa shingoni nisipate baridi. Nilikwenda kulia chooni kwake. Sirudishi, Thad. Nikate vipande, sirudishi.

(Mkwaruzo.)

THADDEUS: ...mwaliko wangu. Nilimtumia kadi.

OCTAVIA: Sikusikii.

THADDEUS: Kadi! Nilimtumia kadi ya leo. Niliandika, Mama, njoo usikie muziki wangu. Ndiyo iliyomleta.

OCTAVIA: Kadi iko kwenye droo yake ya vijiko, haijafunguliwa. Aliyemleta ni mimi.

THADDEUS: Haijafunguliwa?

OCTAVIA: Thad, panda basi urudi.

THADDEUS: Nakuja hapo.

OCTAVIA: Usije.

THADDEUS: Nakuja, nitasimama mbele ya hilo pazia, nitawaambia wote ile sauti ni ya nani.

OCTAVIA: Ukiingia atatoka. Ameniuliza mara mbili kabla hajakaa: yule mtu mwenye ndevu hayupo? Nikamwapia kwamba uko Houston. Amesema akikuona tu mlangoni ananyanyuka, na hataniona tena hata mimi.

THADDEUS: Yule mtu mwenye ndevu. Ndivyo alivyosema?

OCTAVIA: Ndivyo. Sasa chagua. Unataka akae akusikie, au akuone atoke?

(Tangazo la basi la kwenda Mobile kwa mbali.)

THADDEUS: Huwa analia?

OCTAVIA: Akisikia? Kila mara. Kwenye ubeti wa pili, pale unapokatiza neno.

THADDEUS: Nilikatiza kwa sababu alikuwa amenikodolea macho. Alikuwa mbele ya kwaya, ameinua mkono, ananikodolea kama ameshajua. Pumzi zikaniishia.

OCTAVIA: Sikujua hilo.

THADDEUS: Umeliiga na hukujua ni nini.

OCTAVIA: Huwa naweka na mkono kifuani pale. Yeye hupenda.

THADDEUS: Wewe ni mnyama.

OCTAVIA: Haya.

THADDEUS: Nitasimama nyuma kabisa. Gizani. Taa zikishazimwa ndiyo niingie, na kabla hazijawaka natoka. Hataniona.

OCTAVIA: Mlango unapiga kelele, unaujua. Watu wote hugeuka.

THADDEUS: Basi nje, dirishani kwa chumba cha mitambo. Niusikie wimbo tu nikijua yuko pale anausikia. Octavia, nakuomba. Nimekuja kilomita zote hizi.

OCTAVIA: Madirisha tumeyaziba kwa blanketi.

THADDEUS: Nakuomba, dada'angu.

OCTAVIA: Siwezi kubahatisha, Thad. Si leo. Jumapili ijayo ananipeleka kanisani.

THADDEUS: Kanisani kwetu?

OCTAVIA: Amenishonea joho la kwaya. Ngoja— wameanza kupunguza taa.

THADDEUS: Usikate. Ndiyo, mama, nakurudishia sasa hivi, namalizia. Octavia! Nani anaita huko?

OCTAVIA: Wapi?

THADDEUS: Huko kwako. Kuna mtu anaita.

OCTAVIA: Ni watu tu, wanatafuta viti.

THADDEUS: Ile ni sauti ya Mama. Naijua hata ikiwa kaburini. Anaita... (Mkwaruzo.) Anaita Celestine. Octavia, ameita Celestine!

OCTAVIA: Thad, kata simu.

THADDEUS: Ndilo jina alilonipa! Lile la zamani, lakini ni langu. Amejua nimekuja! Ines amemwambia! Mwambie nakuja, mwambie aniite analotaka, sijali, mwambie—

OCTAVIA: Thad.

THADDEUS: —mwambie nakimbia!

OCTAVIA: Hakuiti wewe.

THADDEUS: Nini?

OCTAVIA: Ananiita mimi.

(Kwa mbali Bi Earline anaita tena.)

OCTAVIA: Mrudishie mama wa watu simu yake. Nakuja, Mama! Nakuja!

(Simu inakatwa.)